Kiwanja na Jengo: Habari za Shule ya Marafiki ya Haverford

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

  Natumaini taa inawaka, redio inasikika vizuri, na kila mtu ana kalamu yake.

Leo sitazungumza habari za kuandika barua, wala hesabu za duka. Nitazungumza habari za shule moja ya mbali sana, iliyoko Marekani. Nitaeleza jinsi wenyewe walivyopanga ardhi na majengo yao, na jinsi wanafunzi wao wanavyocheza michezo. Huenda mtu akauliza, "Mambo ya Marekani yatatufaa nini sisi?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa kuanza na habari ya nyumbani, tena ni habari ya kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya elimu, nilitumwa kukagua shule moja ya msingi. Jina lake sitalitaja. Watoto walikuwa wengi kuliko madarasa. Wazazi walikuwa wamechanga fedha, wamechoma matofali, na wamenunua mabati. Walitaka kujenga madarasa manne. Lakini ardhi yao ilikuwa na mteremko na mawe. Mahali pa tambarare palikuwa pamoja tu, napo ni kiwanja cha michezo. Kamati ikasema, "Tujenge hapa, kazi itakuwa rahisi." Wakaniuliza shauri langu. Nikatazama saa yangu, nikaona jua linakaribia kuchwa, na njia ya kurudi ni ndefu. Nikatia sahihi.

Mwaka uliofuata nikarudi. Madarasa yalikuwa mazuri, kuta zimenyooka, mabati yanang'aa. Lakini kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walisimama kando ya ukuta kama watu wanaongoja basi. Wavulana wachache walikuwa wakicheza mpira wa matambara barabarani, na kila gari lilipopita walikimbilia mtaroni. Wasichana hawakuwa na mahali pa kucheza kabisa.

Mzee mmoja wa kamati akanivuta kando. Akaniambia, "Bwana Elimu, zamani tulikuwa na kiwanja bila madarasa. Sasa tuna madarasa bila kiwanja. Wewe umesoma. Kwa nini hukutuambia?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari za shule zilizopanga ardhi yao kwa akili. Ndiyo sababu leo nawaletea habari za Haverford.

MARAFIKI NI WATU GANI?

Shule ya Haverford ilianzishwa na Wakristo wanaoitwa Marafiki. Watu wengine huwaita Wakweka. Madhehebu yao yalianza Uingereza katika miaka ya 1650 hivi, na kiongozi wao wa kwanza alikuwa George Fox.

Wengi wenu mnaosikiliza upande wa magharibi ya Kenya mnawajua Marafiki vizuri. Mwaka 1902 Wamarekani watatu walifika Kaimosi, wakaanzisha misheni. Majina yao ni Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote ulimwenguni.

Basi, Marafiki wana desturi tatu ambazo ni lazima tuzifahamu ili tuelewe shule yao.

Ya kwanza, wanapenda mambo ya kiasi. Zamani walivaa nguo zisizo na mapambo, na nyumba zao za ibada hazikuwa na minara wala vioo vya rangi.

Ya pili, wanakataa vita. Wanaamini kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, kwa hiyo si halali kumwua.

Ya tatu, katika mikutano yao hawapigi kura. Husema, husikiliza, hunyamaza, husema tena, mpaka karani wa mkutano aone kwamba watu wamefikia shauri moja. Ikiwa hawajafikia, jambo huahirishwa. Wazee wetu waliokaa barazani chini ya mti wangeielewa sana desturi hiyo.

Marafiki wa Philadelphia, waliojenga shule ya Haverford, huketi kimya hata katika ibada. Ninyi mliozoea ibada za Marafiki wa Kaimosi, zenye mahubiri na nyimbo, mngeshangaa kuwaona.

SHAMBA LA EKA MIA MBILI

Katika miaka ya 1830 Marafiki wa Philadelphia na New York waliona kwamba vijana wao hawana shule ya juu inayofuata desturi zao. Wakachanga fedha, wakanunua shamba kama maili 10 kutoka mjini Philadelphia. Shamba hilo lilikuwa na eka karibu 200.

Mwaka 1833 shule ikafunguliwa. Wanafunzi walikuwa 21 tu, wote wavulana. Jengo lilikuwa moja, nalo lipo mpaka leo, linaitwa Founders Hall, yaani Jumba la Waanzilishi. Katika jengo hilo moja wanafunzi walilala, walikula na walisoma.

Hapo tutulie kidogo, tufikiri. Wanafunzi 21, jengo moja, na eka 200. Mtu angeweza kusema, "Ardhi ni nyingi mno, tujenge popote." Hivyo ndivyo shule nyingi zinavyoharibika. Ardhi ikiwa nyingi hakuna anayeipanga, na ikiwa chache hakuna anayeweza kuipanga tena.

Marafiki hawakufanya hivyo. Mwaka 1834, shule ikiwa haijatimiza hata miaka miwili, walimwajiri mtunza bustani kutoka Uingereza. Jina lake William Carvill. Kazi aliyopewa ni kuligeuza lile shamba kavu liwe mahali pa shule.

Carvill alianza kwa kugawanya ardhi kwa njia na miti. Kando ya njia alipanda miti kwa makundi ya hesabu witiri, yaani mitatu mitatu, au mitano mitano. Alitengeneza vijia vinavyopinda, na kando yake vichaka vya maua. Bustani za mboga alizificha nyuma ya ua wa miti. Na katikati akaacha nafasi kubwa za majani, zilizozungukwa na miti kama ukuta wa boma. Nafasi hizo hazikuwa ardhi iliyosahauliwa. Carvill alizipanga zibaki wazi kama vile fundi anavyopanga chumba.

Karibu miaka 200 imepita. Mpango wa Carvill bado unaonekana. Majengo yameongezeka, lakini nafasi za majani zingalipo, na watu husafiri kwenda kutazama miti yake.

MTUNZA BUSTANI NA MCHEZO

Sasa tufike kwenye michezo. Hapa pana jambo la ajabu.

Marafiki wa zamani hawakupenda michezo. Mwaka 1676 mwandishi wao mkubwa, Robert Barclay, alitoa kitabu cha kueleza imani yao. Katika kitabu hicho alipinga michezo ya kupoteza wakati. Lakini akasema kwamba mtu akichoka anaweza kujiburudisha kwa mambo yasiyo na madhara, kama kutembelea rafiki, kusoma historia, kupima kwa hesabu, au kulima bustani.

Basi angalieni mambo yalivyokwenda. Bustani iliruhusiwa, akaletwa mtunza bustani. Na yule mtunza bustani, kama wanavyosimulia wenyewe, alipotoka Uingereza hakuja na mbegu na jembe tu. Alikuja pia na mchezo wa kriketi, akawafundisha wanafunzi.

Kriketi tunaijua kidogo huku kwetu. Mchezaji mmoja hutupa mpira mgumu, mwingine huupiga kwa gongo pana, na nyuma yake pamesimama vijiti vitatu ambavyo lazima avilinde. Mwaka 2003 timu ya Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo. Mchezo huu unahitaji uwanja mpana, wa tambarare na wenye majani mafupi. Mahali palipobanana hauchezeki.

Vijana wa Haverford walikuwa na uwanja. Wakacheza. Mwaka 1864 walishindana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakashinda. Mashindano hayo yanahesabiwa miongoni mwa mashindano ya kwanza kabisa ya michezo baina ya vyuo viwili katika Marekani. Baadaye, kuanzia mwaka 1896, timu yao ilivuka bahari mara kadhaa kwenda kucheza na shule za Uingereza. Hata leo kriketi huchezwa Haverford katika Uwanja wa Cope, ijapokuwa Wamarekani wengi wamekwisha usahau mchezo huo.

Mnaona, ndugu zangu? Uwanja ukiwapo, mchezo utakuja wenyewe, hata kwa mlango ambao hukuutazamia. Uwanja usipokuwapo, hata ukileta mwalimu wa michezo na mipira kumi, mipira itaozea kabatini.

SHULE INAFUNGWA

Msidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1845 fedha ziliwaishia. Shule ikafungwa. Wanafunzi wakarudi kwao.

Ilikaa imefungwa miaka mitatu. Mwaka 1848 ikafunguliwa tena, mahali pale pale, kwa sababu ardhi yake haikupotea. Mwaka 1856 ikapata ruhusa ya kutoa digrii, ikawa chuo. Mwaka 1877 likajengwa jengo kubwa la kulala wanafunzi, linaitwa Barclay Hall.

Nawaambieni habari hii kwa sababu najua kamati nyingi zinazokata tamaa. Mchango ukichelewa mwaka mmoja, watu husema, "Shule imekufa." Tena wengine huanza kunong'onezana kwamba sehemu ya ardhi iuzwe. Fedha huja na kwenda. Ardhi ya shule ikienda hairudi.

NGUVU ZA MWILI KWA KAZI YA AMANI

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa Marafiki hawapigani vita, nguvu za mwili wanazitaka kwa nini?" Jibu lao lilionekana mwaka 1917.

Mwaka huo Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ndiyo vita iliyowachukua maelfu ya wazee wetu wa Afrika Mashariki kuwa wapagazi, ambao kikosi chao tunakikumbuka kwa jina la Kariakoo. Marafiki wa Marekani walikataa kushika bunduki. Lakini hawakutaka kukaa bure huku watu wanateseka. Wakaunda chama cha huduma, na kiongozi wake mmoja alikuwa Rufus Jones, mwalimu wa Haverford.

Wakati wa kiangazi cha mwaka ule vijana kama 100 walikusanyika Haverford kwa mafunzo. Kisha walipelekwa Ufaransa, wakajenga nyumba za watu zilizobomolewa na mizinga, na kusaidia wakulima kulima mashamba yaliyoharibika. Mwaka 1947 chama chao, pamoja na chama kama hicho cha Marafiki wa Uingereza, kilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kazi ya kubeba mbao na mawe haifanywi na mwili uliolegea. Michezo huzoeza mwili. Tena humzoeza mtu kushindwa bila kununa, na kushinda bila kudharau mwenzake. Mtu wa amani anahitaji mazoea hayo kuliko askari.

JENGO LA ZAMANI HALIKUTUPWA

Mwaka 1900 Haverford walijenga ukumbi wa mazoezi ya mwili, ili wanafunzi wafanye mazoezi hata wakati wa baridi, theluji inapofunika viwanja. Ukumbi huo uliitwa Ryan. Ulitumika kwa miaka mingi sana. Lakini wanafunzi waliongezeka. Tangu mwaka 1980 wanawake nao walipokewa kama wanaume, tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Ukumbi wa zamani haukutosha tena.

Mwaka 2005 walifungua jumba jipya la michezo, linaitwa Gardner. Lilijengwa ili lisipoteze umeme wala maji. Kwa sababu hiyo lilipewa cheti cha daraja la dhahabu, likawa jumba la kwanza la mazoezi katika Marekani yote kupata daraja hiyo.

Je, ukumbi wa zamani walifanyaje? Hawakuubomoa. Kuta zake zilikuwa imara. Wakatengeneza ndani upya, na mwaka 2017 ukafunguliwa kuwa jengo la kufundishia sanaa, picha na filamu. Mahali ambapo vijana wa mwaka 1900 walifanya mazoezi ya mwili, vijana wa leo hutengeneza filamu.

Hilo ni somo kubwa kwetu. Mara nyingi tunapopata fedha tunataka kubomoa na kuanza upya, au tunataka kuweka jengo jipya katika kila nafasi iliyo wazi. Kabla ya kuchimba msingi mpya tujiulize, "Je, kuna jengo la zamani linaloweza kufanya kazi mpya?" Ghala la zamani laweza kuwa maktaba. Nyumba ya mwalimu iliyoachwa yaweza kuwa ofisi. Kila jengo la zamani linalopata kazi mpya huokoa kipande cha kiwanja.

MCHEZO UPI, NA KWA KIASI GANI?

Tusije tukafikiri kwamba michezo haina mashaka. Chuo kidogo kina nafasi chache, na kila mchezo unadai watu, fedha na ardhi.

Karibu na Haverford kuna chuo kingine kilichoanzishwa na Marafiki, kinaitwa Swarthmore. Vyuo hivi viwili ni watani wa jadi michezoni. Vyote viwili vilikuwa na timu za mpira wa Kimarekani. Huo si mpira wa miguu tunaoujua sisi. Wachezaji huvaa kofia ngumu, hubeba mpira mikononi na kuangushana kwa nguvu. Timu yake inataka wachezaji wengi sana.

Haverford waliuacha mchezo huo mwaka 1972. Swarthmore waliendelea mpaka Desemba 2000. Ndipo bodi ya chuo ilipoamua kuuacha, pamoja na timu ya mieleka. Walieleza kwamba chuo chao ni kidogo, na ili kupata wachezaji wa kutosha ingebidi nafasi nyingi za kujiunga wapewe wachezaji, na wanafunzi wengine wazikose.

Uamuzi huo ulileta uchungu mkubwa. Wachezaji walilia, na wazee waliosoma hapo waliandika barua za hasira. Tena kulikuwa na lawama nyingine. Bodi ile ilizoea desturi ya Marafiki ya kuzungumza mpaka watu wote wakubaliane, lakini safari hii ilipiga kura. Watu wakasema, "Hata kama uamuzi ni sawa, njia haikuwa yetu."

Mimi siwaambii nani alikuwa na haki. Nataka muone jambo moja. Swali la michezo si dogo. Watu wazima wenye elimu kubwa walikasirikiana kwa sababu yake, maana waliona kwamba linagusa swali la shule ni ya nani na ni kwa ajili ya nini.

Wala msidhani kwamba chuo kisichoweka michezo mbele ya masomo hakiwezi kuwa na wachezaji hodari. Haverford wako katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, na vyuo vya daraja hiyo haviruhusiwi kumlipia mtu karo kwa sababu ya kucheza tu. Hata hivyo, mwaka 1997 mwanafunzi wao, Karl Paranya, alikimbia maili moja kwa muda usiofika dakika 4. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa wanafunzi wote wa daraja la tatu. Watu wa nchi ya Kipchoge Keino hawahitaji kuelezwa ugumu wa jambo hilo.

TURUDI NYUMBANI

Haya, ndugu zangu, turudi kwetu. Hatuna eka 200. Shule nyingi zina eka tano, nyingine tatu. Lakini akili ya kupanga haitegemei wingi wa eka. Mwenye eka tatu anaihitaji zaidi.

Nawapa mashauri manne. Mwalimu wenu ayaandike ubaoni.

Shauri la kwanza. Chora ramani kabla ya kuchimba msingi. Si lazima iwe ramani ya mhandisi. Karatasi moja yatosha. Andika mteremko uko wapi, maji ya mvua hupita wapi, choo kiko wapi, kisima kiko wapi, na mti wa kivuli uko wapi. Kisha andika majengo yaliyopo, na majengo mtakayohitaji miaka 20 ijayo.

Shauri la pili. Toa kiwanja kwanza, ndipo utoe majengo. Mpira wa miguu kamili unataka urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani karibu eka mbili ukihesabu na pembeni. Ikiwa hamna nafasi hiyo, msikate tamaa. Netiboli inataka urefu wa mita 30 na nusu tu, na upana wa mita 15 na robo. Voliboli inataka mita 18 kwa 9. Hakuna shule isiyoweza kupata mita 18 kwa 9, na wasichana nao wapate sehemu yao.

Shauri la tatu. Majengo yawekwe pembeni, na mahali pa mteremko. Naam, kujenga mtelemkoni kuna kazi zaidi. Msingi utakuwa mrefu, na mawe yatahitajika. Lakini darasa laweza kusimama mtelemkoni, na mpira hauwezi kuchezwa mtelemkoni. Pandeni miti kuuzunguka uwanja, kama alivyofanya Carvill. Mti ni ukuta, na ni kivuli. Tena ni shahidi: mtu akitaka kumega ardhi ya shule, miti iliyopangwa mstari humwumbua.

Shauri la nne. Zungumzeni mpaka mkubaliane. Msimwachie mwenyekiti peke yake, wala mwalimu mkuu peke yake, wala ofisa anayetazama saa yake. Waiteni akina mama, maana wao ndio wanaojua watoto wanacheza wapi. Na mtu mmoja akisema, "Ngojeni kwanza," msimzomee. Huenda yeye ndiye anayeona kile ambacho ninyi hamjakiona.

Nilimrudia yule mzee. Nilimwambia kweli kwamba nilitia sahihi bila kufikiri, kwa sababu nilitaka kuwahi njia. Aliniangalia kwa muda, akacheka kidogo, akasema, "Basi, ardhi ya mteremko bado ipo. Njoo tuitazame." Tuliitazama. Ilichukua miezi mingi ya majembe na mikokoteni, wazazi wakifanya kazi kila Jumamosi, mpaka ukapatikana uwanja mdogo wa netiboli na voliboli. Uwanja wa mpira wa miguu haukurudi, na hautarudi. Kila nikipita shule ile huona watoto wakicheza, nami hufurahi. Lakini pia huhesabu mioyoni mwangu yale yaliyopotea kwa sahihi moja.

Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Siku moja mtaletewa karatasi ya mpango wa shule ili mtie sahihi. Msitie haraka. Isomeni yote. Tafuteni kiwanja kiko wapi katika karatasi hiyo. Msipokiona, rudisheni kalamu mfukoni, mwulize.

 

MANENO YA KUJIFUNZA

Witiri: hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kama 3, 5, 7.
Tambarare: mahali pasipo mlima wala mteremko.
Karani wa mkutano: mtu anayeandika yale yaliyokubaliwa.
Watani wa jadi: watu au timu zinazoshindana tangu zamani.
Kumega: kukata kipande kidogo kidogo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Shule ya Haverford ilifunguliwa mwaka gani, na ilikuwa na wanafunzi wangapi?
2. Kwa nini Marafiki walimwajiri William Carvill wakati shule ilikuwa bado na jengo moja tu?
3. Ukumbi wa zamani wa Haverford ulipewa kazi gani mpya? Katika shule ya kijiji chenu, kuna jengo linaloweza kupewa kazi mpya?
4. Swarthmore waliacha mchezo mmoja ili nafasi za kujiunga zisiwe za wachezaji mno. Je, ungekuwa katika bodi, ungesema nini?
5. Kabla ya somo lijalo, nendeni wawili wawili mkapime kwa hatua kiwanja cha shule iliyo karibu nanyi. Andikeni urefu na upana wake. Kisha waulizeni wazee kilikuwa na ukubwa gani walipokuwa watoto.